Farasi Aliyeziba Mfereji

Saa mbili asubuhi maji yalikuwa yameshaacha njia yake na kuingia kwenye migomba ya watu, kwa sababu farasi alikuwa amelala katikati ya mfereji kama gogo. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya goti, na kila alipojaribu kuinuka ulipinda mahali pasipo na kiungo. Watu wa kijiji cha Akheri waliokuwa wakiteremka sokoni walisimama kutazama. Wengine walitua kabisa vikapu vyao, maana waliona shughuli hii haiishi leo.

Elihuruma alikuwa amepiga magoti ndani ya maji, amekishika kichwa cha farasi kisizame. Kwa miaka kumi na sita alikuwa mtunza farasi wa Madam Hedda, yule mzungu wa shamba la kahawa. Mwezi huu hakuwa na kazi. Alikuwa na farasi.

"Elihuruma!" Sifael mwenye bucha aliita kutoka ukingoni. "Si anaitwa Kapteni huyo? Mwambie asimame apige saluti, wananchi wapate maji."

Watu wakacheka. Elihuruma hakugeuka.

Ndeshi, mkewe, alifika akikimbia, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Yeye hakuwahi kumpenda Kapteni. Tangu aletwe pale nyumbani alikuwa anakula majani ya ng'ombe, na maziwa yalikuwa yameshuka kutoka chupa nane hadi nne. Hizo nne ndizo zilizokuwa zikinunua huo unga. Mara ngapi ameomba Mungu amchukue farasi huyu! Lakini alipouona ule mguu alijikuta ameweka kiganja mdomoni.

"Alifungukaje?" akauliza.

"Kamba ilichakaa, ikakatika," alisema Elihuruma. "Alifuata majani ya ng'ambo. Jicho bovu halikuona mfereji."

Kila mtu pale alijua jinsi farasi yule alivyofika kwa Elihuruma. Madam Hedda aliuza shamba kwa kampuni ya maua ili arudi kwao Ulaya. Farasi kumi walipata wanunuzi kutoka Kenya. Kapteni, mwenye miaka ishirini na sita, jicho moja limekufa na kwato zimeharibika, hakutakiwa na mtu. Daktari wa mifugo aliitwa kutoka Sakina, mjini, na sindano yake ya kumlaza moja kwa moja. Madam akashika kamba, akalia, akasema hawezi, akamrudisha daktari. Kesho yake akamwita Elihuruma, akampa farasi, na karatasi iliyopigwa taipu: asiuzwe, asiazimwe, asifanyishwe kazi. "Wewe unampenda," alimwambia. "Amalizie uzee wake kwako."

Na Elihuruma akashukuru. Huku Meru mtu akikupa mnyama hukatai, na hukai hivi hivi bila kurudisha shukrani. Jumapili ile ile alimswaga kondoo wao wa pekee mpaka kwa Madam. Wageni wa kumuaga Madam wakamla.

*

Mzee Kaanaeli, mwenyekiti wa mfereji, alifika na fimbo yake. Watu wakampisha.

"Shikamoo, mzee," alisema Elihuruma kutoka majini.

"Marahaba. Leo zamu ya nani?"

"Ni yako, mzee. Kuanzia saa nane."

"Nashukuru kwamba unakumbuka." Mzee alichungulia ule mguu, akanyonya meno. "Huyu haponi."

"Haponi, mzee."

"Basi mnasubiri nini? Mtoeni."

"Akivutwa akiwa hai ule mguu utang'oka. Naomba afie hapa hapa, halafu tutamtoa."

Mzee Kaanaeli aligonga fimbo kwenye jiwe. "Afie hapa kwa njia gani? Kwa kisu? Mfereji huu walichimba babu zetu kwa mikono, haujawahi kuonja damu. Huko chini kuna nyumba zaidi ya sitini zinachota maji haya. Wanapikia uji wa watoto. Damu hapana."

Hakuna aliyebisha. Hata Elihuruma mwenyewe asingekubali damu ya mnyama wa mtu mwingine ipite kwenye maji yake.

"Na hata kama ingekuwa ruhusa," alisema Sifael, "msinitazame mimi. Kisu changu kikimgusa huyu, kesho nani ataninunulia nyama? Watasema, maini ya Sifael yana mkia mrefu."

"Zamani bwana mifugo angekuja na pikipiki ya serikali akamchoma sindano bure," mama mmoja alisema.

"Pikipiki bado ipo, mama," alimjibu Sifael. " Petroli ndiyo yako, dawa yako, na soda ya bwana mifugo yako. Siku hizi soko huria."

"Huria kwa nani?" aliuliza Ndeshi.

Ephraimu, mdogo wake Elihuruma, akatumwa Sakina kwa yule yule daktari, Sylvanus, ambaye alikuwa akimjua Kapteni na alishawahi kufika na dawa mkononi. Mzee Kaanaeli akasema atangoja mpaka saa nane. Saa nane ikifika kamba zitafungwa, mguu ung'oke using'oke.

Ephraimu alirudi saa tano na nusu, jasho linamtiririka.

"Shemeji," alimwambia Ndeshi pembeni, maana hakuwa na moyo wa kumwambia kaka yake, "daktari anasema elfu arobaini. Mkononi kwanza. Anasema dawa yenyewe inatoka Nairobi na gari lake halinywi maji."

"Si Madam alishamlipa?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema pesa ile Madam aliidai siku ile ile, na alirudishiwa yote. Akanionyesha na sahihi."

Ndeshi alimtazama mumewe kule majini. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu kwa baridi ya maji ya mlimani. Alikuwa akimsemesha farasi kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Mwambie nimekwenda kwa Madam," alimwambia Ephraimu.

*

Nyumba ya Madam Hedda ilikuwa imebaki kuta. Barazani kulikuwa na masanduku ya mbao, na dereva wake, Lekishon, alikuwa akiyapigilia misumari. Alimwona Ndeshi amelowa matope mpaka magotini, akaweka nyundo chini.

"Kuna nini, dada?"

"Mwite."

Madam alitoka na furaha usoni. "Ndeshi! Umekuja kuniaga! Kapteni hajambo?"

"Shikamoo, Madam. Kapteni amevunjika mguu. Amelala mferejini tangu alfajiri."

Madam alikaa juu ya sanduku, akafunika uso, akaanza kulia. Ndeshi alisimama akimngoja, kama mtu aliyejibanza chini ya upenu wa nyumba ya watu mvua ipite.

"Maskini Kapteni wangu," Madam alisema mwishowe. "Maskini. Anaumia sana?"

"Anaumia. Daktari Sylvanus anaweza kuja sasa hivi. Anataka elfu arobaini."

"Ndeshi, mimi sina shilingi tena. Juzi nimekwenda mjini nimebadilisha zote."

"Hata dola tunapokea, Madam. Siku hizi maduka ya kubadilisha yako kila mtaa."

"Hizo ni za safari. Nina kulala njiani, nina..." Alifuta macho. "Si mambo rahisi, Ndeshi."

"Na zile za sindano ya kwanza? Daktari anasema ulirudishiwa."

Uso wa Madam ukawa mwekundu. "Hakufanya kazi. Mtu asiyefanya kazi harudishi pesa? Ni haki."

"Ni haki, Madam." Ndeshi alivuta pumzi. "Na kondoo wetu?"

"Kondoo gani?"

Lekishon aliinama akajifanya anaokota msumari.

"Kondoo wa shukrani," alisema Ndeshi. "Aliyeletwa na Baba Anande, mume wangu, uliponipa mimi mzigo huu."

"Ah, yule! Ndiyo, ndiyo. Wageni walimsifu sana."

 

"Basi njoo wewe mwenyewe," alisema Ndeshi. Sauti yake ilianza kupanda na hakuizuia. "Kama pesa hakuna, njoo umshike kichwa. Mume wangu yuko ndani ya maji tangu asubuhi. Njoo umpokee hata nusu saa. Kapteni anakujua, labda atatulia."

"Siwezi. Usiniombe hilo. Nataka nimkumbuke akikimbia."

"Na sisi tumkumbuke vipi?"

Madam aliingia ndani, akatoka na blanketi la farasi, la sufu, zito, lenye pindo la bluu. "Mfunike nalo. Na Ndeshi, niahidi kitu kimoja. Wasitumie kisu. Tafadhali. Hakustahili kisu."

Ndeshi alilitazama blanketi lile. Watoto wake hawajawahi kujifunika kitu kizito kama kile.

"Madam," alisema, "sikuja kuchukua masharti mengine."

Akaliacha mikononi mwa mwenyewe, akashuka ngazi.

Njiani alitembea haraka, na hasira ilitembea naye. Kumbe huyu mama siku ile hakumhurumia farasi. Alijihurumia yeye. Alitaka aondoke Meru na moyo mweupe, hajaua, hajamwona anayekufa, na kifo kile kilichokwisha kulipiwa akakigawa kama mtu anavyogawa masufuria makuukuu. Na sisi, alijisemea Ndeshi, tukasema asante. Tukapeleka na kondoo juu!

*

Alipofika, kamba zilikuwa zimeshafungwa. Saa nane ilikuwa bado kidogo, lakini wanaume walikuwa wamechoka kungoja na walitaka kujaribu. Walikuwa tisa. Wakavuta mara moja tu.

Sauti aliyoitoa Kapteni haikuwa ya mnyama wanayemjua. Ng'ombe hulia, mbuzi hulia, watu wamezoea. Ile ilikuwa kama chuma kinachokatwa. Mama mmoja alijiziba masikio. Elihuruma akajitupa juu ya shingo ya farasi, akalala pale, maji yakimpita kifuani.

"Acheni!" Ndeshi alipiga kelele. "Acheni hizo kamba!"

"Mama Anande, saa nane inafika," alisema Mzee Kaanaeli. Hakusema kwa ukali. "Madam amesemaje?"

"Hana shilingi."



Ndeshi aliteremka mpaka ukingoni, akasimama mbele ya mzee. "Mzee, naomba ufunge maji. Kule juu, kwenye banio."

Watu wakanung'unika. Banio, mlango wa kuingizia maji mferejini, hufungwa mara moja tu kwa mwaka, siku ya kusafisha mfereji, kila nyumba inapotoa mtu na jembe lake. Nje ya siku hiyo liliwahi kufungwa mara moja, mtoto alipozama.

"Nifunge mfereji kwa ajili ya farasi?" mzee aliuliza.

"Ndiyo. Mfereji ukikauka, damu haitagusa maji. Atafia hapo alipo, tutamtoa akiwa amekufa. Udongo wenye damu nitaukwangua mimi mwenyewe, mpaka useme basi."

"Na zamu yangu? Maharage yangu yana siku nane hayajaonja maji."

"Chukua zamu yetu."

"Moja haitoshi. Unafungia watu wote."

"Zote, basi. Mpaka msimu uishe. Mgawane."

Hapo hapo ng'ambo ya mfereji, hatua kumi tu, shamba la Elihuruma lilikuwa na maharage yaliyokuwa yakianza kutoa maua. Kila mtu pale alijua maharage ya wakati huo yanahitaji nini.

"Yatakauka, mama," alisema mzee.

"Najua."

Elihuruma aliinua uso. "Ndeshi, usi..."

"Nyamaza, Baba Anande. Wewe ulipokea. Anayelipa ni mimi."

Mzee Kaanaeli aliwatazama wote wawili, kisha akanyoosha fimbo mlimani. Vijana wawili wakakimbia kwenda kwenye banio.

Maji hayakukatika ghafla. Yalipungua, yakawa uzi, yakawa madimbwi. Kapteni alinyoosha shingo akanywa lile la mwisho, na hakuna aliyemzuia.

Ndeshi alileta shoka la kuni, kisu cha jikoni na kipande cha mkaa. Sifael alikichukua kile kisu, akakipapasa kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. "Hiki hakikati hata ugali. Changu siwatolei, mniwie radhi, nina watoto. Lakini kunoa nitawanolea." Akachuchumaa, akatafuta jiwe zuri, akanoa kwa muda mrefu bila neno.

Elihuruma alijua pa kupiga; alikuwa amemwona daktari akifanya zamani, kwa farasi mwingine. Alichukua mkaa akachora kwenye paji la uso mstari kutoka sikio hili hadi jicho lile, na mwingine kutoka sikio lile hadi jicho hili. Pale inapokutana. Kisha akashika shoka kwa upande butu, akaliinua, akalishusha chini taratibu. Akaliinua tena.

"Ananitazama," alisema.

Ndeshi alivua kanga yake ya mabegani. Alipiga magoti kwenye tope, akalifunika jicho zima la farasi, akaweka kiganja juu ya kanga. Alisikia kope zikipiga chini ya nguo. Kwa mara ya kwanza tangu aletwe, alimwita kwa jina.

"Kapteni, pole," alisema. Kisha, bila kumtazama mumewe: "Piga."

Elihuruma akapiga mara moja. Kope zikatulia. Kisu kilifuata, na kilikata vizuri.

Wanaume wale wale tisa walimvuta mpaka shambani kwa Elihuruma, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali azikwe kwake. Shimo lilikula mistari kumi na miwili ya maharage. Wengine walichimba, wengine waliondoka wakiwahi soko. Mmoja aliuliza kama nyama ile haifai hata kwa mbwa wa wazungu wa mji jirani wa Usa, kuna mtu hununua. Akatazamwa, akaendelea kuchimba.

Ndeshi alikwangua mfereji. Alijaza udongo kwenye karai, akautoa, akarudi. Makarai kumi na tisa. Mzee Kaanaeli alikuwa akionyesha kwa fimbo: hapa bado, na hapa. Alipochoka kuonyesha alivua koti, akaingia mwenyewe na jembe.

Saa kumi na moja maji yalirudi, kwanza na majani makavu na povu, halafu safi. Mzee alikata pande la nyasi na udongo, akaliweka kwenye mdomo wa mfereji mdogo unaoingia shambani kwa Elihuruma.

"Ndiyo sheria, mama," alisema. Hakuweza kumtazama.

"Najua, mzee. Kandamiza vizuri. Nisije nikaambiwa naiba."

Maji yakapita.

*

Elihuruma alikuwa amekaa juu ya udongo mpya, nguo zimemkaukia mwilini, pikapu ya Madam iliposimama njiani. Alishuka Lekishon peke yake. Mkono mmoja alishika mkasi, mwingine mfuko wa nailoni.

"Poleni sana," alisema. Aliutazama udongo. "Mmeshamaliza?"

"Tumemaliza," Ndeshi alisema. "Umeleta nini?"

Lekishon alihama mguu huu hadi ule. "Nimeambiwa... Madam anaomba nywele za mkia. Kidogo tu. Anasema kwao huwa wanasuka kitu cha ukumbusho, wanaweka ukutani. Gari la uwanja wa ndege linakuja kesho asubuhi, kwa hiyo..."

Elihuruma alianza kuinuka. Hakufikiri, kwa miaka kumi na sita jina lile likitajwa alikuwa akiinuka. Ndeshi alimwekea mkono begani, akamkalisha.

"Mkia uko chini, pamoja na mwenyewe," alisema. "Jembe lile pale. Mwambie aje achimbe."

"Dada, usinikasirikie. Mimi nimetumwa tu."

"Sikukasirikii, kaka. Hata sisi tumetumwa tu, tangu asubuhi." Aliinama akaokota kanga yake, nyeusi kwa damu na mkaa, akaikung'uta. "Aliyetutuma ndiye hatujamwona hapa."